Vaa Helmeti, Fuso Linakuja

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye akili timamu aliyeamua kupanda baiskeli Dar es Salaam, na ambaye sasa anajiuliza kama akili hizo azivalishe kofia ngumu au aziache zipigwe upepo. Swali ni la haki. Huko duniani wamelibishania miaka nenda miaka rudi, madaktari upande huu, wapenda baiskeli upande ule, na hawajapatana. Sisi tutalimaliza hapahapa, kabla foleni ya Mbagala haijasogea.

Hatua ya kwanza: jijue wewe ni nani

Usikimbilie dukani. Mjini kuna waendesha baiskeli wa aina mbili, na ni vizuri ujue uko kundi gani kabla hujatoa hela.

Wa aina ya kwanza hutoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kwa kundi, Masaki na Oysterbay. Wamevaa nguo za kubana zenye rangi nne, miwani, glavu, chupa ya maji imechomekwa kwenye fremu, na kila mmoja ana helmeti. Barabara ni tupu. Wakimaliza wanakunywa kahawa, wanafunga baiskeli nyuma ya gari na kurudi nyumbani kuoga.

Wa aina ya pili hana Jumapili. Ni muuza mkaa anayeteremka kutoka Kisarawe na magunia yaliyomzidi kimo. Ni muuza samaki aliyetoka Feri alfajiri, boksi la mbao limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Ni muuza madafu ambaye baiskeli yake imeshasahau kupandwa, inasukumwa tu. Ni fundi wa kunoa visu ambaye akifika anapoitwa anaigeuza baiskeli ikawa kiwanda. Ni mlinzi anayetoka lindo la usiku Mikocheni na kurudi Tandale huku jicho moja limelala. Ni mtoto wa shule juu ya Phoenix ya babu, mguu ameupitisha ndani ya fremu kwa sababu kwenye kiti hafiki. Hawa wako barabarani pamoja na daladala, malori ya mchanga na mabasi ya mikoani, mvua na jua, na kichwani wana kofia ya kampeni ya uchaguzi uliopita.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni nyepesi: helmeti huvaliwa na mwenye gari nyumbani. Ikiwa baiskeli ndicho chombo chako pekee, fuvu lako limeshakomazwa na maisha na halihitaji msaada. Ukiikiuka kanuni hii hadharani, jiandae kwa hatua ya nne.

Hatua ya pili: kununua

Kariakoo utakutana na mpya ya Kichina na mtumba wa Ulaya. Mpya inanukia plastiki. Mtumba una jina la timu ya Ubelgiji na jasho la Mbelgiji.

Wengi huamini kwamba kazi inafanywa na lile ganda la nje linalong'aa. Ganda ni jembamba. Kazi yake ni kusambaza pigo na kuiacha kofia iteleze kwenye lami badala ya kuing'ang'ania. Anayefanya kazi ni povu gumu jeupe la ndani, la ukoo mmoja na lile linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga chini, povu linapondeka, na katika kupondeka kwake linameza sehemu kubwa ya pigo na kukipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama. Ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini ubongo, ambao umo ndani ya fuvu umeelea kwenye maji yake, huushukuru sana muda huo. Shida ni kwamba povu likishapondeka, basi. Halitaumuka tena usiku kama unga wa maandazi.

Ndiyo maana ukinunua mtumba ni lazima umuulize muuzaji: mwenye kofia hii wa kwanza yuko wapi? Akikujibu "Ulaya", usiridhike. Wapo wengi Ulaya ambao hawaendeshi tena. Igeuze kofia, pitisha kidole gumba ndani yake taratibu, tafuta ufa au sehemu iliyobonyea. Muuzaji atakwambia ufa huo ni wa kupitisha hewa.

Halafu kuna suala la kiwango. Kile cha Ulaya, EN 1078, hupimwa kwa kuiangusha helmeti, ikiwa na kichwa bandia ndani yake, juu ya chuma. Inatua kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, ambao kwa lugha ya barabarani ni chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa. Huo unakaribia mwendo wa kichwa cha mtu aliyeanguka mwenyewe kutoka juu ya baiskeli. Amepita kwenye mchanga uliomwagika kona. Amelivaa tuta lisilopakwa rangi. Amechapwa na mlango wa teksi. Khanga ya abiria aliyekaa upande kwenye keria imeingia kwenye spoki. Au gurudumu la mbele limetumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko, kwa kuwa mfuniko uliuzwa zamani kwa bei ya chuma chakavu. Kwa maanguko ya namna hiyo helmeti ilitengenezwa, na hapo inafaa kweli.

Fuso halikuwamo maabara. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makazi, na tuseme tu, kwa ajili ya mazungumzo, kwamba dereva wa Fuso la mchanga anaijua. Nishati ya pigo haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili na nusu, nishati inazidi mara sita na ushee. Namna ya kuziba pengo hilo ni hii: ukisikia Fuso nyuma yako, geuka, mpungie dereva mkono, mwombe kwa heshima ashuke hadi 20 kabla hajakugusa. Akishakugusa anaweza kuendelea na safari.

Hatua ya tatu: kuvaa

Mtindo wa mjini ni kuisogeza nyuma ili uso uonekane na picha itoke vizuri. Lakini binadamu anayerushwa na baiskeli hatangulizi kisogo. Anatanguliza paji la uso, pua, na meno aliyotengenezewa kwa gharama. Kofia ikae bapa, ukingo wake uwe vidole viwili tu juu ya nyusi. Mikanda ya kila upande ikutane chini ya ndewe ya sikio, na ule wa kidevuni ukaze kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili. Sasa ukumbuke mchango wa harusi ulioombwa jana, kisha tikisa kichwa kukataa. Kofia ikicheza, kaza tena.

Barakashia ivuliwe itiwe mfukoni. Ushungi mwepesi hukaa chini ya helmeti bila ugomvi. Kilemba cha kitenge hakikai. Wigi lina maamuzi yake. Mwenye rasta zilizofungwa fundo utosini atalazimika kuchagua kati ya fundo na fuvu, na sote tunajua atachagua nini: kusuka kumemgharimu mchana mzima na hela ya kula ya wiki, fuvu alipewa bure.

Joto lipo. Usidanganywe na matundu. Dar mwezi wa pili matundu yanaingiza joto jingine. Beba leso.

Hatua ya nne: kujibu maswali

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na wanaoshindwa nayo huishia kuitundika kofia ukutani juu ya friji. Siku ya kwanza utagundua kwamba helmeti ya baiskeli inasikika kuliko kengele. Watoto wa Manzese wataita "Mzungu!" hata kama wewe ni Mngoni wa Songea. Konda wa daladala, ambaye amening'inia mlangoni kwa mkono mmoja na kidole cha mguu, kichwa wazi, atakuuliza kama unakwenda vitani. Mlinzi wa getini atataka kujua pikipiki umeiacha wapi. Mama mkwe hatauliza chochote. Atamwambia binti yake jikoni.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, uko kwenye kijiwe cha bodaboda. Hapo huwezi kupita bila kuhojiwa.

"Kaka, hiyo baiskeli ina spidi gani mpaka uivalie elementi?"

"Ya kunidondosha. Inatosha."

"Mimi niko na Boxer mwaka wa saba, sijavaa na sijadondoka."

"Na hiyo iliyoning'inia kwenye kioo?"

"Hiyo ya abiria."

"Abiria wanaivaa?"

"Wanasema inanuka."

"Na trafiki akiwepo?"

"Akiwepo naivaa mimi."

Usicheke. Huyu bwana amekueleza sera nzima kwa maneno machache kuliko waziri. Helmeti ya pikipiki hapa mjini ni mali ya trafiki. Dereva anamtunzia tu. Mwenyewe anaitunza vizuri: kwenye kioo, kwenye kiwiko, juu ya tenki, kati ya mapaja. Kijiweni inakuwa kigoda. Sokoni inabeba nyanya na vitunguu bila kuchubua hata kimoja, jambo linalothibitisha ubora wake. Ikivaliwa, mara nyingi ni kwa ajili ya kubania simu sikioni ili mikono yote miwili ibaki huru kwa kazi ya kupita kati ya malori. Mikanda ilishakatika, pale palipokuwa na kifungo sasa pana kamba ya kiatu. Madereva wanaokuja mbele wakiwasha taa mara mbili, kofia inapanda kichwani. Askari akishapita, inashuka. Kati ya askari na askari kichwa kinajitegemea.

Na hesabu ipo. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nia ilikuwa njema, kuwapunguzia vijana mzigo, na vijana walishukuru. Lakini jambo likishapewa bei, watu huanza kulipigia mahesabu, na kofia nzuri iliyopimwa maabara haijawahi kushindana na elfu kumi.

Usidhani ni sisi tu. Januari 2009 Nigeria ilianza kuwabana waendesha pikipiki za abiria na abiria wao wavae helmeti. Kaskazini, mjini Kano, watu walionekana barabarani na vibuyu na maboga makavu vichwani, vimefungwa kwa kamba kidevuni. Wengine walijitokeza na sufuria, wengine na vipande vya tairi. Abiria nao walikuwa na lao: walihofia kwamba kofia ya kuazimana imetiwa dawa, ukiivaa unapotea mazima au unachukuliwa nyota. Tuwaonee huruma watunga sheria. Walitaka kitu kichwani, na kitu kikawekwa kichwani.

Ukibisha kwamba haiwezekani, panda basi uende Kigali. Dereva wa bodaboda wa huko anakukabidhi helmeti, anakubeba peke yako bila mshikaki, na hakuna anayemwita Mzungu. Turudi kwenye baiskeli.

Jibu bora la kijiweni si la kisayansi. Sayansi ukiileta hapo utakaa mpaka magharibi. Jibu la kwanza linalofanya kazi ni "daktari kaniambia". Watanyamaza kwa huruma, na mmoja atakuuliza kwa sauti ya chini ni kifafa au nini. Jibu la pili, ambalo ndilo ninalolipendekeza kwa moyo wote, ni "nimepewa na mradi". Watu wetu wanaheshimu kitu cha mradi. Kicheko kitakatika hapohapo, na watataka kujua uandikishaji unafanyika wapi na kama kuna posho ya semina.

Hatua ya tano: kukataa kitaalamu

Labda mpaka hapa umeshaamua kutovaa. Ni haki yako, lakini usikatae kienyeji kwa kusema joto na nywele. Kataa na vielelezo.

Anza na Ian Walker, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwaka 2006 alifunga kifaa cha kupima umbali kwenye baiskeli yake akaingia barabarani, siku nyingine na helmeti, siku nyingine bila, na akarekodi magari zaidi ya 2,000 yakimpita. Aliona kwamba akiwa amevaa, magari yalimkaribia zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5, kana kwamba madereva wanasema huyu yuko imara, tumbane. Akavaa wigi refu la kike. Yakamwachia nafasi zaidi. Katika utafiti huohuo aligongwa na basi, na siku nyingine na lori, mara zote mbili akiwa na helmeti. Watafiti wa Australia walizipitia upya namba zake mwaka 2013 wakasema kofia haikuongeza yale mapito ya hatari hasa, ya chini ya mita moja. Ubishi ukaendelea, na kwa mkazi wa Dar ni ubishi wa kifahari. Kwetu sentimita 8.5 mara nyingi ndiyo nafasi yote aliyoachiwa mtu. Hakuna cha kupunguzwa. Wigi unaweza kujaribu.

Kisha wataje mabingwa. Mwaka 1991 shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, UCI, lilitaka kuwalazimisha waendeshaji wa kulipwa kuvaa helmeti. Wakagoma kwenye mashindano ya Paris–Nice. Hoja zao zilikuwa za kijiweni kabisa: kuna joto, tuna uzoefu, kichwa ni changu. UCI ikanywea. Mwaka 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki kutoka Italia, akafariki baada ya kuanguka akiteremka mlima kwenye Tour de France, kichwa wazi. Sheria haikubadilika. Machi 2003 Andrey Kivilev wa Kazakhstan akaanguka, tena kwenye Paris–Nice hiyohiyo, akafa siku iliyofuata. Ndipo UCI ikaifanya helmeti kuwa lazima mwezi Mei mwaka huo, na hata hapo mwanzoni iliwaruhusu kuivua kwenye mpando wa mwisho, kwa sababu ya joto. Kielelezo hiki kitumie kwa tahadhari. Kinaanza vizuri kwa upande wako kisha kinageuka.

Waholanzi ni salama zaidi. Uholanzi watu wanapanda baiskeli kwenda kazini, shuleni na kwenye arusi, na wengi hawana kitu kichwani zaidi ya nywele. Hapa utamnyamazisha yeyote, mradi asikuulize wamefikaje hapo. Mwaka 1971 barabara za nchi hiyo ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani wakaunda harakati waliyoipa jina lisilo na adabu ya kidiplomasia, Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Wakafunga barabara, wakabanana na wanasiasa, na kwa miaka iliyofuata serikali ikajenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari na kuyashusha mwendo magari yenyewe mitaani. Kwa kifupi, Mholanzi alikitunza kichwa chake kwa kulifanyia kazi gari. Ni njia ya mzunguko mno kwetu. Kofia ni rahisi zaidi, kwa kuwa inanunuliwa na anayegongwa.

Upande wa pili wako Waaustralia. Jimbo la Victoria lilikuwa la kwanza duniani kuilazimisha helmeti ya baiskeli, tarehe 1 Julai 1990, na New Zealand ikafuata mwaka 1994. Mji wa Melbourne, hukohuko Victoria, ulipoanzisha baiskeli za kukodi mwaka 2010 ukakuta kitu ambacho kijiwe kingewaambia bure: mtu anayekodi baiskeli kwa dharura hatembei na helmeti kwapani. Wakauza kofia za bei poa madukani, kisha wakaziacha juu ya baiskeli zenyewe. Mwaka 2019 mradi ukafungwa. Jiji la Mexico, lilipoleta baiskeli zake, lilifuta sharti la helmeti kabisa.

Sasa inabidi niseme jambo litakalokuudhi baada ya kazi yote hii. Helmeti inafanya kazi. Jake Olivier na Prudence Creighton, tena wa Australia, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa, wakachapisha mwaka 2016: waliovaa walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 69 kuliko wasiovaa. Unaweza kubishana na sheria, na mimi nitabishana nawe upande uleule. Kubishana na povu ni kazi nyingine. Ukitaka kujaribu, nenda MOI pale Muhimbili, ambako madaktari wa mifupa na wa ubongo wako chini ya paa moja, ukawaombe wakutafutie mgonjwa anayesema helmeti ndiyo iliyomponza.

Hatua ya sita: kuchagua njia

Kandokando ya Barabara ya Morogoro, ulikopita mradi wa mwendokasi, kuna njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Ni nzuri, imenyooka. Matumizi yake ni kama ifuatavyo. Asubuhi ni ya bodaboda wanaokwepa foleni. Mchana ni ya wakala wa pesa za simu, mwavuli wake na wateja wake. Jioni ni ya mama lishe, wauza viatu na gari moja ambalo mwenyewe "anarudi sasa hivi". Usiku inakuwa wazi, na hapo haina taa. Mwendesha baiskeli anaombwa kuwa mstaarabu na kushuka barabarani, kwenye lori.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume na wanawake waliokomaa miguu walipanda vile vilima mbele ya umati mkubwa, na kila mmoja alikuwa na helmeti, bila ubishi. Pia kila barabara waliyopita ilikuwa imefungwa, hakuna lori wala basi. Ukichunguza, helmeti zinazofanya kazi vizuri kuliko zote ni zile ambazo mbele na nyuma yake gari limezuiwa. Nadhani Masaki ya Jumapili alfajiri walilijua hili mapema.

Mtoto ukimpakia, mvalishe ya kwake. Ya mtu mzima ikimzunguka kichwani inamfunika macho, na mwenye kuona Fuso hapo atakuwa wewe peke yako.

Hatua ya mwisho: baada ya kugongwa

Watu wengi wananunua helmeti kwa ajili ya kabla. Ushauri wangu ni uinunue kwa ajili ya baada, kwa sababu hapo ndipo faida yake ya kijamii inapoonekana.

Tuseme limekupata. Umekaa ukingoni mwa barabara, kiatu kimoja hakipo, gurudumu la mbele lina umbo la namba nane, na watu wamejaa kwa kasi ambayo gari la wagonjwa halijaifikia. Uchunguzi unaanza papo hapo, na wachunguzi ni wote. Ikiwa ulikuwa kichwa wazi, kikao kitakuwa kifupi. Lori lilikuwa na mwendo gani, breki zilishika au hazikushika, dereva hajalala tangu lini: hayo hayatakuwa kwenye ajenda. "Hakuvaa helmeti" itasemwa na mtu mmoja, itarudiwa na wa pili, na watu wataanza kutawanyika wakiwa wameridhika.

Ukiwa umeivaa unawaharibia. Itabidi wafanye kazi.

"Hakuwa na riflekta." Unayo, inamulika.

"Hilo shati lake ni jeusi, dereva angemwonaje?" Ni la njano.

"Alikuwa kwenye simu." Simu iko mfukoni, haina chaji tangu asubuhi.

"Alikaa katikati ya barabara." Alama za tairi ziko pembeni kabisa, kwenye majani.

Hapo watatazamana, na dereva wa Fuso ataanza kutokwa jasho, mpaka konda wa daladala iliyosimama kuangalia atakapomwokoa kutoka mlangoni kwake:

"Sasa na yeye, na baiskeli yake, barabarani alikuwa anatafuta nini?"